Mtoto mwenye ulemavu wa akili akishakuwa mtu mzima, nani anabaki naye?

Na Mwandishi Wetu

KUNA swali ambalo wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili huulizana kwa sauti ya chini, kwenye foleni ya kliniki au kwenye benchi la nje ya darasa maalumu wakisubiri watoto watoke: nikifa mimi, huyu atabaki na nani?

Zamani swali hilo halikuwa na uzito lilio nao leo, na sababu yake ni ya kusikitisha. Wengi wa watoto hao hawakufika utu uzima. Tuchukue mfano wa watu wenye hali iitwayo Down, yaani wale wanaozaliwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21. Nchini Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wao wa kuishi ulikuwa takriban miaka 25. Sasa ni karibu miaka 60. Upasuaji wa moyo umechangia sana, kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Zimechangia pia dawa bora za maambukizi, na kule kuondolewa katika majumba makubwa walimokuwa wakifungiwa.

Hapa kwetu hatujafika huko, lakini tuko katika njia hiyo hiyo. Watoto hufanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, na mtoto ambaye miaka 30 iliyopita angezikwa kabla ya kuanza shule, leo anaweza kuota ndevu. Wakati huo huo nyumba ya kumpokea imekuwa finyu. Familia ya mjini inayopanga vyumba viwili haina bibi wa kushinda uani, wala shangazi asiyeolewa, wala kaka aliyebaki na shamba. Kila anayeweza kutembea ametoka kwenda kutafuta riziki, na anayebaki nyumbani ni mama.

Hapo ndipo inapohitajika ile tunayoiita huduma ya msaada katika jamii. Jina lenyewe ni refu na limechoshwa na semina, kiasi kwamba wengi wakilisikia hufikiria fulana na bango la uzinduzi. Maana yake, hata hivyo, ni nyepesi: msaada unaomfuata mtu pale anapoishi, badala ya mtu kuhamishwa na kupelekwa kwenye msaada.

Kabla ya kwenda mbele ni vema tukaelewana kuhusu maneno, maana katika jambo hili maneno huumiza watu. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza utotoni, ambamo uwezo wa kujifunza na kufikiri huwa mdogo kuliko wa watoto wa rika moja, na shughuli za kila siku kama kuvaa, kuhesabu chenji, kujua saa au kujihadhari na gari huhitaji msaada. Hauambukizi, na hauna kidonge cha kuuponya. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine. Unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, hata profesa, na mara nyingi hutibika. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kama vile mtu mwenye mguu mmoja anavyoweza kuugua malaria.

Usonji nao huathiri zaidi mawasiliano na namna mtu anavyohusiana na wenzake. Mtindio wa ubongo, jina ambalo mitaani hutumika kwa kila mtoto aliyechelewa kusema, kwa hakika ni tatizo la mwendo na misuli linalotokana na ubongo kudhurika mapema. Wapo wengi wenye mtindio ambao akili zao hazina kasoro yoyote, ila midomo haiwatii. Kuwaita hao wote kwa jina moja ni kama kuwapa wagonjwa wa wodi nzima dawa moja.

Chanzo hakijulikani kila mara. Katika hospitali zetu vinavyotajwa sana ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito ni chanzo kingine, ndiyo maana chumvi ya dukani hutakiwa kuwa nayo. Laana, uchawi na dhambi za mama hazimo katika orodha, ingawa hadi leo wapo akina baba wanaofunga mizigo na kuondoka kwa sababu hizo.

Mkanganyiko huu wa maneno haupo mitaani peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 5, inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya kuwa na ugonjwa wa akili. Karani wa kituo asiyejua tofauti ya maneno hayo mawili anaweza kumrudisha nyumbani kijana ambaye anajua vizuri kabisa anamtaka nani, kwa kuwa tu anaongea kwa shida.

Nchi tajiri, ambazo mara nyingi tunahimizwa kuziiga, zilianza vibaya. Kwa miaka mingi jibu lao kwa swali la mzazi lilikuwa jengo kubwa nje ya mji. Linalojulikana kuliko yote ni Willowbrook, katika kisiwa cha Staten Island, New York, lililofunguliwa mwaka 1947. Lilikusudiwa kuwa na watu wapatao 4,000, lakini kufikia mwaka 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Seneta Robert Kennedy alilitembelea mwaka huo na kutoka akisema hadharani jinsi hali yake ilivyo mbaya, lakini hakuna kikubwa kilichofanyika. Mwaka 1972 mwandishi wa habari wa televisheni, Geraldo Rivera, aliingia humo na kamera, na Wamarekani wakaona watoto uchi wakikaa katika uchafu wao. Wazazi walikwenda mahakamani, makubaliano yakafikiwa mwaka 1975, na mwaka 1987 jengo likafungwa. Leo mahali hapo pana chuo.

Ni muhimu kuelewa kwa nini Willowbrook iliharibika, kwa sababu wazo lake bado linavutia. Halikujengwa na watu wakatili. Lilijengwa kwa hoja kwamba wataalamu wakikusanywa mahali pamoja, huduma itakuwa bora na nafuu. Ila jengo lililo mbali halina majirani, na pasipo majirani hakuna anayeuliza kwa nini fulani hajaonekana wiki hii. Mfanyakazi mmoja akiwa na watu 30 wa kulisha, kijiko kinaingia haraka mdomoni na kutoka, na asiyeweza kumeza haraka anapaliwa. Bajeti ikipungua, wa kwanza kukatwa ni wale wasioweza kuandika barua ya malalamiko.

Norway ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 ilifuta kwa sheria mfumo mzima wa taasisi zake za watu wenye ulemavu wa akili na kukabidhi wajibu kwa halmashauri za miji na vijiji ambako watu hao walitoka. Halmashauri ikawa na mkazi mpya, yenye wajibu wa kumtafutia makazi, shughuli ya mchana na mtu wa kumsaidia, kama inavyowajibika kumpatia maji mkazi mwingine yeyote.

Tanzania haikuwahi kujenga Willowbrook yake, na huenda umaskini ulitusaidia katika hilo. Watu wenye ulemavu wa akili wengi wamebaki nyumbani. Lakini kubaki nyumbani si sawa na kuishi katika jamii. Mtu anaweza kukaa miaka 20 katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyo katikati ya Tandika, asijulikane hata na mjumbe wa nyumba kumi. Huyo naye yumo katika taasisi, ila ni taasisi ya mtu mmoja, na mlinzi wake hana mshahara.

Huduma zilizofika kwetu zilikuja kwa njia ya utengamao wa kijamii, mpango ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuuhimiza baada ya Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978. Mantiki yake ilikuwa ya nchi maskini: wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa usemi ni wachache na wako hospitali kubwa, basi wamfundishe mtu wa kijijini au mtaani, naye amfundishe mama. Mwaka 1989 shirika hilo lilitoa vitabu vya mafunzo kwa ajili hiyo, na mwaka 2010 likatoa mwongozo uliopanua mpango huo ili uguse elimu, kipato, maisha ya kijamii na sauti ya watu wenyewe, pamoja na afya.

Jijini Dar es Salaam wengi wameujua mpango huo kupitia CCBRT, iliyoanzishwa mwaka 1994. Hospitali yake ya Msasani hujulikana zaidi kwa macho, miguu ya kupinda na fistula, lakini neno jamii limo katika jina lake tangu mwanzo. Mfanyakazi wa utengamao hupanda daladala, hushuka, huuliza njia kwenye genge, na kuingia katika uwanja wa nyumba. Humwonyesha mama namna ya kumketisha mtoto ili asipaliwe, namna ya kugawa kazi ya kuvaa shati katika hatua ndogo ndogo, na namna ya kusubiri. Hili la mwisho ndilo gumu. Mama mwenye haraka humvisha mtoto mwenyewe kila asubuhi, na mtoto anafika miaka 15 hajui kifungo.

Upande wa Zanzibar, mwaka 1999 ilianzishwa jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambayo wazazi ni nguzo yake. Ilishirikiana na chama cha wenzao wa Norway, NFU, pamoja na Wizara ya Elimu, kuwaingiza watoto hao katika shule za kawaida. Kisiwa kidogo kina faida yake, kwani watu wanajuana kwa ukoo na mtaa, na mtoto akianza shule ya jirani habari husambaa hadi kwa wazazi waliokuwa wamewaficha wao. Anayetaka kuona jinsi huduma ya jamii inavyoanza bila majengo, angeanzia hapo.

Pamoja na mafanikio hayo, karibu kila kitu tulicho nacho kinamhusu mtoto. Kliniki ni ya watoto. Vitengo vya elimu maalumu viko katika shule za msingi, na walimu wanaoandaliwa katika Chuo cha Patandi, mkoani Arusha, hupelekwa zaidi huko. Kisha kijana anafika miaka 17 au 18. Sare inambana, mwalimu mkuu anamwita mzazi na kumweleza kwa upole kwamba nafasi inahitajika kwa mwingine. Jumatatu inayofuata kijana anaamka saa 12 asubuhi kama alivyozoeshwa kwa miaka 10, anavaa, anakaa mlangoni. Hakuna pa kwenda. Baada ya miezi michache yale aliyojifunza huanza kupotea, kwa kuwa ujuzi wa mtu mwenye ulemavu wa akili hutunzwa kwa kutumiwa. Hasira huanza, majirani huanza kuogopa, na mlango hufungwa kwa nje.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kama kuna mahali pamoja pa kuweka fedha kwanza, ni katika jambo ambalo halina hata jina lililozoeleka katika Kiswahili: kumpumzisha mlezi.

Tumfikirie mama wa Mbagala ambaye mwanawe ana miaka 22, ana kifafa, hasemi, na usiku huamka mara tatu. Mama huyo hawezi kwenda msibani bila kwenda naye. Hawezi kuuza vitumbua barabarani, kwa sababu hawezi kuangalia karai la mafuta ya moto na kijana kwa wakati mmoja. Akiugua, anaugulia chumba hicho hicho. Tunamsifu kwa moyo wa uvumilivu, na sifa hiyo haimgharimu yeyote kitu. Anachohitaji ni saa nne kwa wiki ambazo mtu mwingine, anayemjua kijana na anayejua la kufanya kifafa kikianza, atakaa naye.

Sweden imeliweka jambo hili katika sheria. Sheria yake iliyoanza kutumika Januari 1994 inataja aina kumi za msaada ambazo mtu mwenye ulemavu wa akili au usonji anaweza kudai kama haki, na miongoni mwake zimo mtu wa kuja nyumbani kumpokea mlezi, mahali pa kulala siku chache nje ya nyumba, na mtu wa kufuatana naye matembezini. Hatuwezi kuinakili sheria hiyo kesho asubuhi. Ni ya nchi yenye kodi nyingine. Lakini sehemu yake ndogo inawezekana hata kwetu. Katika mtaa mmoja wenye familia sita za namna hii, walezi wawili wenye mafunzo ya wiki chache na posho ya kueleweka wangebadilisha maisha ya nyumba zote sita. Makanisa, misikiti na vikundi vya VICOBA vina vyumba vinavyokaa vitupu siku za kazi.

Tahadhari moja haiwezi kuachwa. Sababu inayowafanya wazazi wengi wawafungie ndani mabinti wenye ulemavu wa akili ni hofu ya kubakwa, na hofu hiyo haikutungwa. Wanaowadhuru mara nyingi ni watu wa karibu, na binti asiyeweza kueleza siku na saa hupata shida kubwa polisi na mahakamani. Kwa hiyo mtu wa kumpumzisha mlezi lazima ajulikane, achunguzwe, na asiwe peke yake na mlango uliofungwa. Binti mwenyewe lazima afundishwe, kwa picha na kwa kurudia rudia, sehemu za mwili wake ambazo hakuna wa kuzigusa, na namna ya kusema hapana. Kumficha hakujamlinda. Anayeonekana na wengi kila siku ndiye anayekosekana haraka.

Baada ya pumziko la mlezi huja kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Mwajiri anayetaka kutimiza sheria humtafuta mhasibu mwenye kiti cha magurudumu, na si kosa. Ila mwenye ulemavu wa akili hubaki mwisho wa foleni hata miongoni mwa wenye ulemavu. Ndivyo ilivyo pia kwa mikopo ya halmashauri, ambayo tangu mwaka 2018 hutengwa kwa sheria kutoka mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mkopo unahitaji mtu wa kujaza fomu, kusimamia biashara na kurejesha fedha, na kijana wa kundi hili hawezi kuvuka hatua hizo bila mtu wa kusimama naye.

Nchi nyingine zilijifunza somo lenye manufaa hapa. Mwanzoni zilikuwa zikiwaweka vijana hao katika karakana zao peke yao, wakifundishwa miaka na miaka kujiandaa kwa kazi ambayo haikuja. Baadaye utaratibu uligeuzwa: mtu anapelekwa kwanza kwenye kazi halisi, kisha anafundishwa hapo hapo na msaidizi anayekaa naye wiki za mwanzo na kujiondoa polepole. Sababu ni kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili huona shida kuhamisha alichojifunza mahali pamoja kwenda mahali pengine. Aliyefundishwa kuosha vyombo katika sinki la karakana anaweza kukwama mbele ya karai la mama lishe. Afundishwe kwenye karai hilo, ataosha kwa uangalifu ambao wengine huupoteza baada ya wiki. Kupanga bidhaa dukani, kukunja nguo kwa dobi, kulisha kuku, kufunga mikate kwenye mifuko, zote ni kazi ambazo mji wetu unazo na ambazo hurudiwa kwa namna ile ile.

Si kila mtu ataweza kuajiriwa, na huduma nzuri haijifanyi kutoliona hilo. Wataalamu wa Marekani, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1876, walibadili mwaka 1992 namna ya kuwapanga watu hawa. Badala ya kutazama alama za kipimo cha akili pekee, walianza kuuliza msaada kiasi gani unahitajika: wa mara moja moja, wa kipindi fulani, wa kila siku, au wa saa zote. Ni swali bora kwa ofisa ustawi wa jamii kuliko lile la nani ana akili kiasi gani. Linampa jambo la kufanya.

Jambo la uamuzi limekuwa na mjadala mkali zaidi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 19 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi naye. Ibara ya 12 inasema ana uwezo kisheria sawa na wengine, na kwamba dola impe msaada anaouhitaji ili kuutumia uwezo huo. Wapo wanaosoma ibara hii na kucheka: huyu asiyejua noti ya elfu tano na ya elfu kumi ataamuaje? Lakini ibara haisemi aachwe peke yake. Inasema asaidiwe kuamua, badala ya kuamuliwa. Anayechagua kati ya uji na chai kwa kunyoosha kidole ameamua. Anayegeuza uso kila akiletwa mjomba fulani ameamua pia, na ni wajibu wa walio karibu kusoma uamuzi huo.

Fedha nazo ni huduma. Kenya, chini ya mpango wa Inua Jamii, imekuwa ikizilipa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa Sh2,000 za nchi hiyo kwa mwezi, katika mpango ulioanza mwaka 2011. Si nyingi, na walengwa wamelalamikia mara kadhaa kuchelewa kwake. Hata hivyo fedha hizo humfanya mtu aliyeonekana mzigo kuwa ndiye anayeingiza kitu nyumbani, na heshima yake mezani hupanda.

Tukirudi kwenye swali la wazazi, jibu lenye kufikiriwa zaidi lilitoka kwa wazazi wenyewe, mjini Vancouver, Kanada. Mwaka 1989 kundi la familia lilianzisha chama kiitwacho PLAN kwa ajili ya swali hilo hilo la baada ya kifo chao. Walikuwa na huduma za serikali ambazo sisi tunazitamani, na bado hawakulala usingizi. Waliona kwamba mtu anaweza kuwa na chumba, chakula na mhudumu wa zamu tatu, na asiwe na hata mmoja anayemjali bila kulipwa. Wakaanza kujenga, kwa kila mtoto wao, kundi dogo la watu wanaomjua kwa jina na kukutana kwa ajili yake: dada, jirani, mwalimu wa zamani, mwenzake wa kwaya. Kundi hilo haliogi wala kulisha. Kazi yake ni kumtembelea, na kupiga kelele mambo yakiharibika. Serikali ya Kanada nayo ilianzisha mwaka 2008 akiba maalumu ambayo mzazi humwekea mtoto mwenye ulemavu, na serikali kuongeza fungu lake.

Kwetu kundi kama hilo lina jina, nalo ni ukoo, ila ukoo wa mjini haujiundi wenyewe tena. Hubidi uitwe, ukalishwe, na uambiwe waziwazi nani atafanya nini. Wazazi wengi hukwepa kikao hicho wakidhani ni kujitabiria kifo. Matokeo yake, siku ya arobaini ndugu huulizana nani atamchukua kwa namna ya watu wanaogawana deni, naye akiwa amekaa hapo hapo anasikiliza.

Kisheria, hatua ya kwanza ni wosia. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ulioanza mwaka 2006, huandika na kuhifadhi wosia, na hushughulikia pia masuala ya udhamini. Nyumba iliyoachwa kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili bila mdhamini inaweza kuuzwa na ndugu kabla ya mwaka kwisha. Iliyoachwa chini ya udhamini, yenye masharti ya nani akae na kodi itumikeje, ni vigumu zaidi kuchezewa. Hatua ya pili ni serikali ya mtaa. Sheria ya mwaka 2010 inaelekeza ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Mzazi ana haki ya kumuuliza mwenyekiti wake kama kamati imeundwa, na kama jina la mwanawe limo katika daftari lake.

Hatua ya tatu haihitaji wakili wala mhuri. Ni kurasa chache za daftari la kawaida, nakala mbili, moja kwa dada yake na nyingine kwa jirani anayeaminika. Ziandikwe dawa ya kifafa na saa zake. Iandikwe kliniki anakokwenda na ni nani anamjua huko. Iandikwe kwamba anaogopa mbwa na honi za bodaboda, kwamba maharage humuumiza tumbo, kwamba akipiga paja mara mbili anataka chooni, kwamba hulala upande wa ukutani, na kwamba nguo ya bluu, ile iliyochanika begani, isitupwe.